Udongo Una Wenyewe

Neno lililoliua shamba letu ni dawa. Nalitaja mwanzo kabisa ili nisije nikalizunguka, maana kila nikikumbuka hasira hunipanda upya, na mimi nikipandwa na hasira husahau nilikuwa nasema nini. Katika Kiswahili chetu cha pwani dawa ni kila kitu. Ya kutuliza homa ni dawa, ya kupaka upele ni dawa, ya kuulia panya ni dawa, ya kumrudisha mume ni dawa, na ile sumu anayoipuliza mtu kwenye pamba mpaka nyuki wakaanguka, nayo ni dawa. Mtu akikwambia anakutilia dawa, huna hakika kama anataka upone au ufe.

Shamba lenyewe lilikuwa nje ya Malindi, ukishaiacha Muyeye nyuma, upande wa bara wa barabara ya Kilifi. Halikuwa kubwa. Juu palikuwa na nyumba yetu na minazi, katikati mihogo, na chini, panapopakana na barabara, ndipo mama alipolima mahindi na kunde. Udongo wa huko ni mchache. Ukilizamisha jembe vizuri unasikia limegonga jiwe. Lakini ule uchache wetu ulikuwa mweusi na mwepesi, na ulitulisha. Mimi wakati huo nilikuwa nafundisha elimu ya viumbe katika shule moja ya sekondari Kilifi, nikirudi nyumbani kila mwisho wa wiki.

Baba alifariki katika miaka ya mwanzo ya themanini, barabara ilipokuwa ikitengenezwa. Mafundi walikuwa wamepiga kambi mkabala na shamba letu, na matingatinga yao na mapipa yao. Mama akaingia eda. Mjane wa kwetu hukaa ndani mpaka muda wake umalizike, hatoki ovyo, wala hakutani na wanaume ambao si maharimu zake. Basi mambo yote ya nje yakawa mikononi mwa ami, kaka yake mkubwa baba. Shamba halikuwa limegawanywa tangu enzi za babu, na katika ardhi isiyogawanywa mkubwa ndiye mwenye sauti. Sisi wanawake tulikuwa na mafungu yetu kwa sheria ya dini, ndiyo, lakini mafungu yenyewe yalikuwa ya kutajwa tu, si ya kushika.

Ami alikuwa na vita vyake na mchwa. Walikuwa wamemlia nguzo za banda. Na kila mtu wa pwani anajua kwamba oili chafu, yale mafuta meusi yanayotolewa kwenye injini, ni dawa ya mchwa. Unaipaka nguzo kabla hujaisimika, mchwa haisogelei. Hilo sibishi. Ami akaenda kambini kuomba kopo moja. Msimamizi wa kambi akamwangalia, akamwangalia, akamwambia, "Mzee, kopo la nini? Si tukutilie dawa shamba zima?"

Mtu yeyote aliyewahi kuzidiwa na takataka angemfahamu msimamizi yule. Mapipa yalikuwa yamemjaa na hajui ayamwage wapi. Akampata mzee wa watu anayeomba mwenyewe. Wakamwaga. Wakamwaga wiki baada ya wiki, kila walipobadilisha mafuta ya mitambo, na ami akisimama pembeni na bakora yake akiwaonyesha pale ambapo hapajafika.

Mama alikuwa ndani. Harufu ikamfuata ndani. Akamuuliza ami kupitia pazia la mlango.

"Harufu gani hii, shemegi?"

"Dawa ya mchwa. Tena bure, hawakutaka hata shukrani."

"Waipaka wapi?"

"Kule chini, kwenye kunde."

"Kunde zina nguzo gani?"

Ami akacheka. Akamwambia atulie, yuko edani, mambo ya nje ayaache kwa walio nje. Mama alinisimulia haya Ijumaa nilipofika, nami nikateremka shambani na viatu vyangu vya kazini. Sikuamini macho yangu. Ardhi iling'aa. Palikuwa na madimbwi meusi ambayo hayakuwa ya maji, kunde zimelala ndani yake, na ule mnuko wa gereji ulikuwa mzito mpaka koo lilinikauka. Nikavuka barabara kwenda kambini nikapiga kelele. Nasema kelele, sisemi maneno. Msimamizi akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akaniambia, "Dada, mbona mwenyewe ameridhia?"

Mwenyewe! Nililichukia neno hilo siku ile. Mama yangu aliyeinama juu ya ardhi ile tangu alipoolewa hakuwa mwenyewe. Mwenyewe ni yule aliyekuwa na bakora.

Mama alipotoka eda, kambi ilikuwa imeshahama. Walituachia mapipa matupu. Jambo la kwanza alilofanya ni kuchota maji kwa kata akayamimina juu ya ardhi. Maji yakakataa kuzama, yakabiringika juu ya vumbi kama zebaki, yakaenda zake. Mama akasimama akiyatazama. Sikumwona akilia kwa ajili ya baba jinsi alivyolia pale, na mpaka leo sijui alikuwa analilia nini.

Alipanda mahindi mvua za kwanza. Yaliyochomoza yalichomoza manjano, na hayakufika magotini. Na hapo ndipo akatokea mwenye timbo.

Timbo ni pale wanapochimba na kuchonga mawe ya kujengea. Miaka ile Malindi ilikuwa inajengwa mahoteli na majumba ya wageni kana kwamba kesho hakuna, na mawe yalitafutwa kila mahali. Bwana huyu alikuja na suruali iliyopigwa pasi, akapiga teke udongo wetu kwa ncha ya kiatu, akamwambia ami, "Hapa juu pameshakufa, lakini chini pana mawe mazuri." Ami akamleta mpaka ukumbini kwetu.

"Shamba limekufa, shemegi," ami akasema. "Tuuze, tukae kwa raha."

Mama alikuwa anakuna nazi. Hakusimamisha mkono. "Mimi nimefiwa," akasema. "Aliyekufa namjua alivyo. Lile laumwa."

Wakabishana. Nikaingia kati, nikasema kwa hasira zaidi kuliko ilivyopasa kwamba aliyeliua ndiye anayetaka kuliuza, na ami akaniuliza kama huko shuleni ndiko nilikofundishwa kumkosea adabu baba yangu mkubwa. Mwisho alitoa ahadi, na aliitoa mbele ya mgeni wake, sauti yake ikisikika mpaka nje: mama apewe mpaka kunde za mwaka wa pili. Zikiota zikachanua, haliuzwi. Zisipochanua, mwenye timbo aje. Alikuwa na hakika ya kushinda, ndiyo maana akawa mkarimu.

Basi tukaanza kuuguza ardhi. Nilikuwa nimesoma chuoni kwamba ndani ya udongo mna viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, na kwamba miongoni mwao wamo wanaokula mafuta kama sisi tunavyokula wali, wakayavunja mpaka yakaisha. Lakini mafuta peke yake hayawashibishi. Wanataka hewa, wanataka maji, na wanataka samadi. Nilimweleza mama. Kazi ikawa nitawaitaje. Nilisema vijidudu, akakunja uso. Kwetu sisi kila kitu kidogo ni mdudu: anayekuletea malaria ni mdudu, anayekutoboa jino ni mdudu, anayekula mahindi ghalani ni mdudu. Na mdudu dawa yake ni kuuawa. Hatuna neno la kitu kidogo chenye heri.

"Huyo anayekula mafuta," mama akauliza, "tutamnunua wapi?"

"Yumo mle mle."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla yetu."

"Basi hao si wadudu," akasema. "Hao ndio wenyewe."

Akawaita hivyo tangu siku ile. Tukakwangua lile gamba jeusi la juu, ambalo hata wenyewe wasingeliweza, tukalijaza katika mapipa yaliyoachwa na kambi. Kilichobaki tukakilima. Tukachanganya mavi ya mbuzi, majani makavu ya mwembe wa jirani, na makumbi ya nazi tuliyoyapondaponda ili udongo upate kupumua. Tukaenda kuchota udongo mzuri kule juu kwenye minazi, karai kwa karai, tukautia kule chini ili walio wazima wakawasaidie wagonjwa. Mama hakuacha kulipindua shamba lile. Asubuhi maji aliyooshea mchele hayakumwagwa uani. Ungemsikia akiteremka nayo akisema anawapelekea wenyewe. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mjane wa watu amepata shetani wa shambani anayemlisha. Mama alicheka sana alipoyasikia hayo. Mimi sikucheka, nilitaka kwenda kuwagongea milango mmoja mmoja.

Ilichukua muda mrefu, na sitaki kumdanganya mtu kwamba ilikuwa rahisi. Kuna siku nilishika jembe na kulitupa. Nilikuwa natoka Kilifi nimechoka na wanafunzi, ninafika, nanusa, bado gereji. Halafu masika moja nikateremka baada ya mvua, nikainama, na nilichonusa kilikuwa udongo. Udongo mtupu, uliorowa. Nikamwita mama kwa sauti iliyomfanya atoke mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Akamimina maji ya kata kama siku ile, na ardhi ikayanywa.

Akapanda kunde. Zikaota zote. Zikatambaa, majani mapana ya kijani kibichi yaliyoiva rangi. Nikang'oa mche mmoja pembeni nikamwonyesha mizizi: ilikuwa imejaa vinundu vidogo vidogo kama mtama. Nikampasulia kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu, rangi ya ufizi. Nikamweleza kwamba hivyo ni vyumba walivyojengewa wenyewe na mkunde, nao hulipa kodi kwa kuitoa mbolea hewani na kumlisha. Rangi ile ndiyo dalili kwamba wamo ndani na wanafanya kazi. Mama akakishika kile kinundu akakitazama muda mrefu. "Hata sisi hatujawahi kukaa vizuri hivi na mwenye nyumba," akasema.

Nikarudi Kilifi nikiwa na furaha. Ndani ya wiki ile mama akapata habari ya msiba Mambrui, kwa upande wa mama yake, akaenda kuzika na kukaa hitima. Machipukizi ya maua alishayaona kabla hajaondoka.

Ami naye aliyaona. Hilo sitamsamehe. Alikuja, akaona kunde zimejaa shamba lililokufa, na badala ya kwenda kunywa kahawa yake kwa amani akaenda kumwita bwana shamba. Alisema baadaye kwamba alitaka tu kuhakikisha. Bwana shamba, kijana wa watu aliyekuwa na kofia na haraka, akang'oa mche, akaona vinundu, akasema, "Hii ni minyoo ya mizizi. Mzee, hizi zina wadudu." Ugonjwa huo upo, sikatai, na vivimbe vyake vinataka kufanana. Lakini vivimbe vya minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, huvibandui. Hivi vyetu ungevisukuma kwa kidole vikaanguka. Kidole kimoja! Hakukitoa. Akaamuru zing'olewe zote, zichomwe, na ardhi itiwe dawa.

Dawa. Tena.

Nilifika siku hiyo ya kuchoma. Kutoka barabarani niliona moshi, nikadhani ni nyumba, na ilipokuwa si nyumba nilimshukuru Mungu, halafu nikaona ni nini. Ami alikuwa na vibarua wake. Rundo la kunde lilikuwa linaungua bichi, linatoa povu, na harufu ilikuwa ya mboga jikoni. Nikachomoa mche kutoka motoni, nikaungua mkono, kovu ninalo. Nikambandulia kinundu mbele ya macho yake nikakipasua.

"Tazama, ami! Mzima huyu! Hii rangi yake ndiyo uzima wake!"

Ami akakitazama. Nakumbuka alikitazama vizuri kabisa, kwa kuinamisha kichwa, si kwa dharau.

"Mwanangu," akasema, "hiyo si damu? Basi ugonjwa gani tena wautaka?"

Ningeweza kumpiga. Nasema kweli yangu: mkono ulinyanyuka. Kulikuwa na kitu kikubwa mno cha kusema na hapakuwa na neno la kukisemea, maana maneno yote yalikuwa upande wake. Mdudu. Damu. Dawa. Mimi nilikuwa na neno moja tu, wenyewe, na nilipolitamka ami akaniuliza, wenyewe kina nani?

Mama aliporudi kutoka Mambrui alikuta majivu. Ami akamkumbusha ahadi: kunde hazikuchanua. Mama akamwambia zilikuwa na machipukizi. Ami akasema ahadi ilikuwa kuchanua. Na kwa kuwa ni mtu wa kushika neno lake, mwenye timbo akaja. Nyumba yetu na uwanja wake wakatuachia, maana kumtoa mjane ndani kungewaletea aibu msikitini. Minazi, mihogo na lile shamba la chini vikaenda.

Mwenye timbo hana haja na udongo. Yeye anataka jiwe, na udongo umelikalia jiwe lake. Katika lugha ya timbo, kila kilicho juu ya jiwe kinaitwa kifusi. Siku ya kwanza likaja tingatinga, likaanza kukwangua. Nilisimama na mama uani tukitazama. Kazi yetu yote, samadi yote, maji ya mchele ya asubuhi zote hizo, vilikuwa vinasukumwa pembeni na bapa la chuma. Mama akajifunga leso kiunoni, akateremka moja kwa moja mpaka mbele ya tingatinga, dereva akashika breki kwa fujo. Mwenye timbo akaja mbio na suruali yake ya pasi.

"Mama, mawe haya tumekwisha kuyanunua."

"Mawe ni yako," mama akasema. "Chukua mpaka la mwisho. Huo udongo waupeleka wapi?"

"Kifusi hiki? Nitakitupa tu."

"Hukununua kifusi. Udongo una wenyewe. Niletee pale uani kwangu."

Yule bwana akacheka kwa furaha, maana alikuwa hajui atautupa wapi na hapo amepata pa karibu. Alikuwa na bahati ile ile ya yule msimamizi wa kambi alipompata ami. Tofauti ni kwamba safari hii aliyeomba alijua anachoomba. Wakauleta kwa tela, wakaumwaga juu ya uwanja ambao mama alikuwa akiufagia kila alfajiri mpaka ukawa mweupe. Majirani wakasema sasa ndiyo amerukwa. Wakamwita mama kifusi. Mtu aniite mimi jina lolote, lakini jina lile lilinifanya nisisalimiane na watu kwa miaka.

Hakufagia tena uwanja ule. Akausambaza udongo, akauwekea majani, akapanda kunde mpaka mlangoni. Chini yetu timbo likazama mpaka mawe yakaisha, wakahama, wakatuachia shimo la maji ya kijani na mbu.

Ami alikuja mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini, alasiri moja ya shule kufungwa. Alikuwa amekwisha kuzeeka, bakora sasa anaiegemea kweli. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu nimelelewa. Mama akamwandalia wali na kunde za nazi, akala akamaliza, akaomba tena. Kisha akaeleza kilichomleta. Kwake uani hakuoti kitu. Ameupulizia kila mwaka dawa aliyoshauriwa, ya wadudu, na sasa hata mchicha haukai. Akauliza kama shemegi yake anaweza kumgawia kidogo udongo wake.

Nilitoka nje. Nilisimama kati ya kunde nikangoja nisikie mama akimkatalia, nimsikie angalau mara moja akipaza sauti. Nilichosikia ni karai likiburutwa. Akamjazia mwenyewe kwa mikono, akachagua pale penye mizizi mingi, akafunika kwa jani la mgomba. Mimi ningemmwagia kichwani. Mpaka leo naona ningekuwa na haki.

Ami akalipokea, akaufikicha udongo ule kwa vidole, akaunusa. Halafu akauliza kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuusikia kwake.

"Nikifika, shemegi, niutilie dawa gani?"

Mama alikuwa anapangusa mikono kwenye leso. "Usiwatilie kitu," akasema. "Watilie maji tu uwaache. Wamekwisha kuhamishwa mara moja."

Ami akaangalia ndani ya karai. Akaangalia muda, akitafuta ni kina nani.